Bizinesi au ekonomi kwa safari ya saa moja? Ushauri wa muuza tiketi wa Kampala

Kwenye ndege za ndani ya Uganda hakuna daraja la bizinesi la kununua. Ukiruka kutoka Entebbe kwenda Kasese, Kihihi, Kisoro, Pakuba au Kidepo, iwe kwa Aerolink au BAR Aviation, karibu kila mara utapanda Cessna Caravan: injini moja, abiria kumi na wawili hivi, na kiti cha waziri ni kilekile cha mtalii mwenye begi la mgongoni. Bado wapo wanaonipigia simu kuniambia, "Nitafutie bizinesi ya Kidepo, pesa si tatizo." Nawaamini kwamba pesa si tatizo. Tatizo ni kwamba kiti hicho hakipo.

Swali la bizinesi au ekonomi linaanza ukivuka mpaka kwa safari fupi. Entebbe kwenda Nairobi ni saa moja na dakika chache. Kigali hata saa haitimii. Kilimanjaro ni saa moja na kitu, na Dar es Salaam ni kama saa mbili. Halafu kuna wale wanaofika kwa jirani wakaunganisha na ndege ya ndani ya huko, Nairobi kwenda Mombasa au Dar kwenda Mwanza. Sisi wa Kampala safari zote hizo tunaziita za hapa hapa, na ndizo nitakazozizungumzia kwanza. Za ndani ya Uganda nitazirudia baadaye, maana nazo zina uamuzi wake.

Mimi nauza tiketi katikati ya jiji. Nimezaliwa Arua, ambako Kiswahili ni cha sokoni, cha kambini na cha nyumbani pia, kwa hiyo mteja akiingia ofisini na kusema "habari za asubuhi" anaelekezwa kwenye meza yangu. Nawapata Wakongo wa Bunia na Goma, Wakenya wa mashirika ya misaada, wafanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, wanaokwenda kununua Kariakoo, na wazee wa West Nile wanaokwenda kuwaona watoto wao Nairobi. Wengi wakisema bizinesi wanawazia kiti kikubwa. Kwa safari isiyozidi saa mbili, kiti ndicho kitu cha mwisho ninachowauzia. Ninachowaambia waangalie ni masharti ya tiketi.

Hebu tumalize habari ya kiti haraka.

Kabla ya kuuliza daraja, uliza ndege gani. Uganda Airlines waliporudi angani mwaka 2019 walianza na Bombardier CRJ900, na hadi leo zinafanya safari za hapa jirani. Zina viti 76: 12 vya bizinesi mbele na 64 vya ekonomi. Upande wa ekonomi viti vimepangwa viwili kushoto, viwili kulia. Maana yake hakuna kiti cha katikati, kile cha kubanwa mabega na watu wawili usiowajua. Embraer 190 za Kenya Airways ni hivyo hivyo, viwili kwa viwili. Kero kubwa ya ekonomi haimo kabisa kwenye ndege hizo, na mtu anayelipa mara mbili ili aikimbie anakimbia kitu ambacho hakipo. Boeing 737 ni habari nyingine: huko ekonomi ni watatu kwa watatu, na wa katikati anajua alivyokaa. Airbus A220 za Air Tanzania zina wawili upande mmoja na watatu upande wa pili, kwa hiyo omba upande wa wawili.

Kwenye CRJ900 injini ziko mkiani. Ukikaa mbele hata ndani ya ekonomi, unasikia mazungumzo ya jirani yako. Ukikaa nyuma kabisa, unasikia injini. Ndege za mapangaboi zina siri nyingine. Kwenye ATR, kama zile za Precision Air, mlango wa abiria uko nyuma, kwa hiyo anayekaa safu za mwisho ndiye anayeshuka wa kwanza. Nimeona wakubwa wakigombania safu ya mbele ya ATR halafu wanasubiri ndege nzima ishuke. Na ATR hizo hazina bizinesi hata hivyo.

Kuhusu chakula sitakuchosha. Ndege ikikaa angani dakika hamsini, mhudumu ana kama nusu saa ya kugawa na kukusanya. Kula nyumbani.

Basi tuje kwenye masharti, ambako ndiko pesa inakopotelea.

Watu wanadhani tiketi ziko za aina mbili. Mimi kwenye skrini yangu naona herufi. Y kwa kawaida ni ekonomi ya bei kamili. J, C na D kwa kawaida ni bizinesi. Katikati na chini yake kuna msururu wa herufi nyingine za ekonomi, K, L, Q, T na wenzake, kila shirika na mpango wake, na kila herufi ina bei yake na sheria zake: kama unaweza kubadilisha tarehe, kwa faini kiasi gani, kama unarudishiwa pesa, kama begi limo au halimo, na usipotokea siku ya safari unakatwa nini. Abiria wawili wanaweza kukaa kiti jirani kwa jirani, wakanywa juisi ileile, mmoja anaweza kurudi nyumbani Jumatano badala ya Ijumaa bila kulipa chochote na mwenzake akaambiwa anunue tiketi mpya. Wote wawili wako ekonomi.

Kwa hiyo mteja akija na swali la madaraja mawili, mimi namwekea mezani bei tatu: ekonomi ya chini kabisa, ekonomi inayoruhusu mabadiliko, na bizinesi. Tuchukue mfano wa kwenda na kurudi Nairobi. Namba hizi ni za kufanyia hesabu tu, nauli halisi hubadilika kila siku. Tuseme ekonomi ya chini ni dola 230, ile ya kubadilisha ni dola 350, na bizinesi ni dola 520. Ukiangalia haraka, 230 imeshinda. Sasa tuseme kubadilisha tarehe kwenye ile ya 230 ni dola 60 kila mara, na juu ya faini hiyo unalipa tofauti ya nauli, kwa sababu kiti cha bei ya chini ulichonunua mwezi uliopita leo hakipo tena. Hapo ndipo wengi wanaponikasirikia. Wanaiona faini, hawaioni tofauti. Tuseme tofauti ni dola 40. Ukibadilisha mara mbili, tiketi yako ya 230 imefika 430, na ungenunua ile ya kati ungekuwa umebaki na dola 80 mfukoni.

Na bizinesi? Kati ya 350 na 520 kuna dola 170. Jiulize utapata nini kwa hizo 170 ambacho ungekilipia hata hivyo. Begi la pili zito? Launji, ule ukumbi wa kupumzikia uwanjani, kwa sababu una saa nne za kusubiri Nairobi na una kazi ya kuandika? Kama jibu ni hapana, basi unalipa dola 170 kwa lile pazia linalotenga bizinesi na ekonomi.

Bizinesi huwa na sheria laini, ndiyo. Lakini hata huko siku hizi kuna bizinesi ya bei ya chini yenye faini zake. Usidhani. Mwambie wakala akusomee masharti ya nauli hiyo hiyo unayolipia, kwa sauti, kabla hujatoa pesa. Wakala akianza kujikunakuna, tafuta mwingine.

Sheria mbili zinawaumiza watu wa kwetu kuliko zote. Ya kwanza: usipotokea kwenye safari ya kwenda, mara nyingi mfumo unafuta na ya kurudi. Mtu anakosa ndege ya asubuhi, anapanda basi usiku hadi Nairobi, anafika kwenye shughuli yake salama, halafu siku ya kurudi anaenda uwanjani na kuambiwa hana tiketi. Ukijua utachelewa, piga simu kabla ndege haijaondoka, hata kama ni dakika thelathini kabla. Ya pili: nauli isiyorudishwa haimaanishi kwamba kila senti imekwenda. Ndani ya bei ya tiketi kuna kodi na ada za uwanja, na mara nyingi zile ambazo hazijatumika unaweza kuziomba zirudishwe. Kwa safari fupi kodi hizo si kidogo ukilinganisha na nauli yenyewe. Ombi lazima ulipeleke wewe. Hakuna atakayekupigia simu.

Sasa mfano wa bizinesi iliyonunuliwa kwa akili. Nina mteja, nitamwita Hajati, anauza madera, khanga na mitandio. Anakwenda Dar es Salaam kununua, hasa mwezi kabla ya Idi. Alipokuja mara ya mwisho tulianza hivi:

"Hajati, unarudi na kilo ngapi safari hii?"

"Mwanangu, mimi sihesabu kilo. Nahesabu mabegi."

"Basi mabegi mangapi?"

"Mawili yangu. Na moja la jirani, lakini hilo ni dogo."

"Dogo kama lile la mwaka jana?"

Akacheka. Lile la mwaka jana lilikuwa kubwa kuliko yake yote mawili.

Desturi ya mashirika mengi ni kilo 23 kwa begi la ekonomi na kilo 32 kwa begi la bizinesi, na mara nyingi bizinesi ina mabegi mawili. Hajati anakwenda na kibegi cha nguo za kubadilisha na anarudi na kilo sitini na kitu. Nikimwekea bizinesi kwenda na kurudi, ninamtoza kiti cha bizinesi kubeba kanzu mbili na mswaki. Nikimwekea ekonomi kwenda na kurudi, analipia uzito wa ziada kaunta ya Dar, na bei ya uzito wa ziada kaunta haina huruma. Kwa hiyo namwekea ekonomi kwenda, bizinesi kurudi, kwenye tiketi moja. Wengi hawajui kwamba inawezekana. Mashirika mengi yanakubali, na nauli ya kila upande inahesabiwa kwa daraja lake. Uulize tu, na uulize kwa jina: "kwenda ekonomi, kurudi bizinesi."

Na bado tunafanya hesabu nyingine. Mzigo mkubwa wa Hajati, zile robota, haupandi ndege hata kidogo. Unakuja kwa lori kupitia Mutukula, na unachukua siku zake. Kinachoruka naye ni kile kinachotakiwa dukani kesho. Kama mzigo wako unaweza kusubiri, usinunue bizinesi kwa sababu ya mabegi.

Kuna wanaoniambia wananunua bizinesi ili kuokoa muda. Hapa inabidi tutazame muda wenyewe unakwenda wapi. Kutoka Kampala hadi Entebbe ni kama kilomita 40. Ukitokea mjini saa kumi na moja jioni, foleni ya Kibuye haiulizi umekata daraja gani. Barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2018 inasaidia, na kwa gari dogo ni shilingi 5,000, lakini lazima kwanza ufike Busega au uipandie upande wa Munyonyo. Hiyo 5,000 inaokoa muda zaidi ya dola zote za bizinesi. Ukifika uwanjani, pale geti la nje, abiria wanashuka garini na kukaguliwa, mkubwa na mdogo. Kisha ukaguzi wa mlangoni. Bizinesi inakupa foleni fupi ya kaunta, na hilo ni jambo zuri kweli siku ambayo ndege tatu zinaondoka kwa mpigo. Lakini ukiwa huna begi la kupakia na umeshajiandikisha kwa simu tangu jana, kaunta huihitaji.

Halafu kuna basi la uwanjani. Ndege nyingi ndogo zinaegeshwa mbali na jengo. Mnashuka kwa ngazi na kupanda basi. Abiria wa bizinesi anashuka wa kwanza, anaingia basi wa kwanza, anasimama humo akishika kamba, na basi haliondoki mpaka lijae watu wa ekonomi. Wa mwisho kuingia anasimama karibu na mlango, na ndiye anayefika wa kwanza kwenye dirisha la uhamiaji. Kama hakuna gari la peke yake kwa bizinesi, faida ya kushuka mapema imekwisha pale pale. Ikiwa unaunganisha ndege Nairobi na muda ni mdogo, kilicho muhimu zaidi ni safari zote mbili kuwa kwenye tiketi moja. Ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo linalokutafutia nafasi nyingine. Ukiwa na tiketi mbili ulizonunua mbalimbali kwa sababu zilikuwa nafuu, hasara ni yako, hata kama zote mbili ni bizinesi.

Begi la mkononi pia. Makabati ya juu ya CRJ900 ni madogo. Kile kisanduku cha magurudumu ambacho Boeing kinaingia bila shida, huku wanaweza kukuchukulia mlangoni pa ndege na kukiweka chini. Toa kompyuta, dawa na pasipoti mapema, ziwe kwenye mfuko unaokaa miguuni.

Wazee ni sura nyingine, na naomba wenye wazazi wanisikilize vizuri. Kijana anakuja, ana uchungu na mama yake, anasema mkatie bizinesi ili asaidiwe. Nia yake ni njema, lakini msaada wa kiti cha magurudumu hauuzwi na bizinesi. Unatolewa bure kwa daraja lolote, mradi uuombe mapema, ikiwezekana saa 48 kabla. Sisi tunauandika kwenye tiketi kwa herufi, na herufi ndizo zinazoleta tofauti. WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi za ndege mwenyewe ila hawezi kutembea mwendo mrefu uwanjani. WCHS hawezi ngazi. WCHC hawezi hata kutembea hadi kwenye kiti chake. Watu wengi, kwa kumwonea aibu mzazi, wanasema "anaweza, anaweza," mimi naandika WCHR, na siku ya safari bibi anasimama chini ya ngazi za ndege akizitazama. Sema ukweli wa goti lake. Kisha omba kiti cha mbele cha ekonomi, upande wa njia, karibu na choo. Mahali pekee ambapo hataruhusiwa ni safu ya mlango wa dharura, hata kama ina nafasi ya miguu.

Bizinesi kwa mzee naitetea pale tu ambapo mwili wenyewe unadai: nyonga iliyofanyiwa upasuaji, mguu usiokunjika, au mtu mwenye mwili mkubwa ambaye kiti cha ekonomi kitamuumiza. Hapo sina hesabu ya kumfanyia mtu. Akate.

Kuna wakati mwingine ambapo nasema nunua bizinesi bila kusitasita, nao ni siku moja au mbili kabla ya safari. Herufi za bei ya chini zimekwisha, ekonomi iliyobaki ni Y ya bei kamili, na bizinesi iko juu yake kidogo tu. Nimeona tofauti ndogo kuliko nauli ya teksi ya kwenda na kurudi uwanjani. Anayekimbilia msiba ndiye hukutana na hali hiyo, na huwa hana nguvu ya kuuliza. Muulizie wewe.

Sasa turudi ndani ya Uganda, kwenye Caravan yetu isiyo na madaraja. Huku uamuzi ni wa aina tatu: kiti kwenye ndege ya ratiba, ndege nzima ya kukodi, au barabara. Kwenda Kidepo kwa gari ni siku nzima, saa kumi au zaidi. Kisoro nayo ni siku. Kwa ndege ni saa moja na nusu, pengine mbili ikiwa inapitia viwanja vingine njiani, na mara nyingi inapitia. Msiwe watu wa kupanga mkutano nusu saa baada ya kutua.

Kama mko familia ya watu wanane au zaidi, uliza bei ya ndege nzima kutoka Entebbe au Kajjansi, kiwanja kidogo kilicho kati ya Kampala na Entebbe, kisha gawanyeni kwa vichwa. Mara nyingine inakaribia bei ya viti, na saa ya kuondoka mnapanga wenyewe. Hiyo ndiyo bizinesi ya kweli ya Uganda. Watu wa makanisa na wa mashirika ya misaada wana mlango mwingine, MAF, shirika la ndege la kimisionari, ambao makao yao yako Kajjansi na wanafika viwanja vya West Nile na Karamoja ambavyo wengine hawafiki.

Mzigo ndio unaowaliza watu. Kikomo cha kawaida ni kilo 15, na cha mkononi kimo humo humo. Begi liwe laini, la kitambaa, kwa sababu linasukumwa kwenye tumbo la ndege, mahali ambapo sanduku gumu halikunjiki. Utaulizwa uzito wako mwenyewe, au utapandishwa kwenye mizani. Usipunguze kilo kwa ajili ya aibu. Rubani anapanga watu kwa mizani ili ndege ikae sawa, na kiti utaonyeshwa. Choo hakuna. Kwa hiyo ile chai ya vikombe vitatu iache hadi ufike.

Ukiweza, chukua ndege ya asubuhi. Mchana jua likishapasha ardhi, hasa juu ya Karamoja na bonde la Ziwa Albert, ndege ndogo inarushwarushwa, na mwenye tumbo jepesi atajuta. Kisoro ndiko asubuhi inakoweza kuwa na ukungu milimani, na rubani akisubiri usimlaumu. Jambo zuri la Caravan ni kwamba bawa liko juu, kwa hiyo dirisha la kila mtu linaona chini. Ukienda Kasese, kaa kulia kama utaruhusiwa kuchagua: siku ya hewa safi utaona Rwenzori.

Na chagua uwanja kabla ya kuchagua bei. Ukienda kuona sokwe Bwindi, Kihihi ni wa upande wa Buhoma na Ruhija. Kisoro ni wa Nkuringo na Rushaga. Ramani inaonyesha msitu mmoja, lakini ukitua upande usio wako utalipa gari la saa kadhaa za milima, na kibali chako kina tarehe moja tu. Kwa hifadhi ya Murchison, Pakuba iko kaskazini ya Nile na Bugungu iko kusini. Siku hizi daraja la Paraa la kuvukia mto limepunguza maumivu, lakini bado mwulize mwenye hoteli atakutuma wapi kabla hujanipigia mimi.

La mwisho ni la pale kaunta. Mara nyingine, nafasi zikiwa wazi, utaambiwa unaweza kupanda bizinesi kwa kuongeza kiasi fulani cha dola papo hapo. Kinaweza kuwa kiasi kizuri, na kama umechoka na unacho, sitakukataza. Ila mara nyingi kinachopanda ni wewe peke yako. Masharti ya tiketi yako yanabaki yale ya ekonomi ya chini uliyonunua, faini ileile, begi lilelile. Kabla hujatoa kadi, muulize yule dada wa kaunta kama na mzigo unapanda daraja, na akuandikie kwenye risiti.